Nilichomwambia Papa Ufukweni

Leo nimekung'uta viatu vya binti yangu, vikatoa harufu ya mwani uliooza, nikaukumbuka ufukwe ule tuliotembelea mimi na papa, baba yangu, nilipokuwa mdogo. Sili, mnyama wa baharini mwenye mapezi, alikuwa amelala mchangani, ana jeraha shingoni. Mwanamke mmoja aliyejitolea kumlinda alitusimamisha, akasema kwa Kiingereza tukae mbali, maana mnyama amechoka na anahitaji kupumzika.

Papa hakujua Kiingereza. Mimi, mwenye miaka tisa, ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nilitamani mno kumwona sili kwa karibu. "Anasema tunaweza kusogea, tusimguse tu."

Papa akanishika mkono, tukasogea. Sili akashtuka, akabweka akitoa meno, kisha akajiburuta hadi majini, akaacha damu mchangani. Yule mwanamke akamfokea papa mbele ya watu wote. Papa aliinamisha kichwa, akirudia neno moja alilolijua: "Sori, sori."

Ndani ya treni ya kurudi nyumbani Minto aliniuliza taratibu, "Ulimwelewa vizuri yule mama?"

"Hapana, papa. Nilikosea."

Akanipapasa kichwani. "Haina shida, mtoto wangu. Kiingereza ni kigumu."