Mama Pasi na Bomba la Chuo

Dada yangu hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Si nyanya, si kiwanja, si jeneza la mama yetu. Fundi wa majeneza alipotaja bei yake, dada alimwambia kwa pesa hizo angetaka na marehemu arudishwe, akageuka, akaanza kuondoka. Hakufika mlangoni. Fundi alimwita, akapunguza, na mama akazikwa vizuri bila familia kubaki na deni. Ndugu walionuna walinuna, lakini sikuona hata mmoja aliyeingiza mkono mfukoni.

Mtaani wanamwita Mama Pasi. Alianza na pasi ya mkaa chini ya ngazi za jengo la mtu, akinyoosha mashati ya watu wasiomjua hata jina. Leo ana vyumba viwili vinavyotazama barabara, na uani ana makarai ya saruji, kamba zilizotandwa kutoka ukuta hadi ukuta, na wanawake wawili aliowaajiri ambao wanamwogopa kuliko waume zao. Mume wake yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Ukiniuliza mimi, ndiyo sababu ndoa yao imedumu.

Kazi ya dobi ni maji. Watu hudhani ni sabuni. Sabuni unaweza kukopa dukani, lakini maji yakikatika hakuna wa kukukopesha. Na maji ya mji wetu yana pampu moja na bomba moja: yanapanda kwanza kilimani kwenye tangi la chuo, halafu yanayobaki ndiyo yanateremka kwetu. Mpango huo uliwekwa enzi ambazo chuo kilikuwa majengo machache na ng'ombe wakilisha kati yake. Haukumuumiza mtu. Kisha chuo kikaanza kukua. Kila mwaka bweni jipya, na kila bweni jipya likija, maji yetu yanachelewa. Yalikuwa yakitoka asubuhi, yakahamia mchana, yakahamia jioni, mwisho yakawa yanatoka kabla ya alfajiri, membamba kama uzi. Dada akawa analoweka mashuka saa ambayo wenye mashuka wanageuka upande wa pili kitandani.

Ukilalamika, unaambiwa mji unafaidika. Ni kweli unafaidika. Wanafunzi wananyolewa, wanakula, wanafuliwa nguo. Lakini nguo haifuliwi kwa faida, inafuliwa kwa maji.

Mwaka huo chuo kikatangaza mabweni mengine, makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Pampu ya zamani isingeweza. Ilitakiwa pampu mpya na bomba nene, na kwa kuwa chanzo cha maji kiko ng'ambo ya mji, bomba lazima lipite mtaani kwetu. Baraza la mji likasema halina fedha, jambo tulilolijua bila kuambiwa. Ndipo ofisi ya mipango ya chuo ikawaita wafanyabiashara wa mtaa wanaotumia maji mengi: njooni tugawane gharama, kila upande utaje mchango wake, bomba lihudumie wote.

Kabla ya kwenda, walikutana uani kwa dada. Alikuwepo kinyozi, alikuwepo mama wa hoteli, na mwosha magari. Nami nilikuwepo. Nauza mabomba na vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nilikwenda kama mtu mwenye masilahi yake, na sikuwaficha. Walipiga hesabu, wakabishana, wakakubaliana: mtaa uko tayari kubeba theluthi. Maji ya mchana yangewalipa hiyo theluthi mapema tu. Swali la nani atasema halikuulizwa. Wote walimgeukia Mama Pasi, naye akafunga kilemba chake vizuri kama mtu anayekwenda kupigana.

Chumba cha mkutano kilikuwa ghorofani, baridi, na meza ndefu. Mbele ya kila kiti waliweka chupa ya maji. Dada alizitazama zile chupa kama mtu aliyekuta ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

Mkuu wa mipango, ambaye sisi tulimwita Bwana Mipango kwa kuwa jina lake lilikuwa na vyeo vingi mbele, alikuwa mtu mpole. Anakushukuru kabla hujampa kitu. Alituonyesha michoro ukutani, pampu hapa, bomba pale, matoleo, yaani matawi ya bomba ya kuingia madukani kwetu, yamechorwa kwa rangi ya buluu. Ilikuwa michoro mizuri. Kisha akaegemea kiti akauliza mji unaona unaweza kuchangia sehemu gani.

"Hata msumari," dada akasema. "Hatutoi hata msumari."

Bwana Mipango akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mabweni ni yenu," dada akaendelea, sasa amepata moto. "Wanafunzi wenu, karo mnakusanya ninyi. Sisi kuwaachia mchimbe mbele ya milango yetu, hiyo peke yake ni hisani, baba."

"Tumeuelewa msimamo wenu, mama. Nawashukuru sana kwa uwazi."

Akaandika mstari mmoja.

Mtu yeyote aliyelelewa sokoni anajua hapo kilipaswa kutokea nini. Bwana Mipango alipaswa kucheka, aseme basi toeni nusu. Dada angeshika kifua, amwambie ana watoto wa kulisha, ataje sehemu ya kumi. Yule angeteremka, huyu angepanda, wangetukanana kidogo kwa heshima, na kabla ya chakula cha mchana wangekutana kwenye theluthi wakapeana mikono, kila mmoja akiamini amemwibia mwenzake. Kwetu hakuna msimamo. Kuna bei ya kuanzia.

Lakini yule bwana hakucheka wala hakutaja nusu. Alifunika kalamu yake.

Dada akacheza karata yake ya mwisho. Akachukua mkoba, akasema basi tumemaliza, akatoka. Sote tukamfuata. Alishuka ngazi polepole kama mjamzito. Akasimama kutazama picha za wakuu wa zamani wa chuo, mmoja baada ya mwingine, watu ambao hajui hata mmoja wao. Getini akavua kiatu akakung'uta kijiwe ambacho hakikuwemo. Sikio lote liko nyuma. Hakuna aliyesema mama rudi tuongee. Aliyetusemesha ni mlinzi tu, akituhimiza tusizibe njia ya magari.

"Wataita," dada akasema. "Kesho."

Hawakuita kesho, wala wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Walikuja na wachimbaji.

Mtaro ulianzia mwisho wa mtaa, ukaja ukila barabara kuelekea kwetu. Mimi bomba nalijua kwa macho: lililokuwa linashushwa kwenye lori lilikuwa jembamba kuliko lile la kwenye michoro. Nikamuuliza msimamizi matoleo ya madukani yako wapi. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Bomba hili ni la chuo tu, akasema, linakwenda moja kwa moja hadi kilimani. Mji ulikataa.

Hapo ndipo mtaa ulipomgeukia Mama Pasi. Kinyozi alikuwa anamsubiri kila asubuhi mlangoni kwake, mkono kiunoni.

"Mama Pasi, ulituahidi utawakamua. Mbona tumekamuliwa sisi?"

"Nyoa kichwa kilicho mbele yako," dada akamjibu, "hicho unachokiweza."

Lakini alikuwa amechomwa. Mtaro ulipofika mbele ya kwake, waliweka ubao mmoja wa kuvukia. Wateja wakawa wanakuja na mafurushi yao wamenyoosha mikono kama wanaotembea juu ya kamba. Mhadhiri mmoja aliteleza na suti yake mpya ikaingia kwenye tope, na ingawa hata haikuwa imefika mikononi mwa dada, alidai ifuliwe bure. Vumbi lilikaa juu ya mashati yaliyoanikwa, yakafuliwa upya kwa maji ambayo hayapo. Halafu ikaja habari kwamba mabweni mapya yatawekwa mashine za kufulia. Sababu waliyoitoa ni kwamba huduma ya dobi mjini si ya uhakika. Dada aliposikia hilo alikaa juu ya beseni lililofudikizwa, akaanza kuhesabu kwa vidole. Bila maji ya mchana, alikuwa na msimu mmoja, labda miwili, kabla ya kufunga.

Alikwenda kwa diwani kuomba mtaro uzuiwe. Diwani akamwambia barabara ni ya baraza na kibali kimeshatoka, tena akamwonyesha tangi alilojijengea nyumbani kwake, akamshauri naye ajenge. Alirudi akimtukana diwani na tangi lake.

"Wale watu wa chuo hawajui kupatana bei," nikamwambia.

"Kila mtu anajua kupatana. Asiyejua labda maiti."

"Dada, yule halipi kwa mfuko wake. Muuza nyanya ukimgeuzia mgongo anaona jioni yake imeharibika. Yule ukimwambia hapana, anaandika hapana, anakwenda kunywa chai. Hana anachopoteza."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mtajie bei ya mwisho. Mwanzoni kabisa."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia atoke barabarani bila nguo. "Nimtajie bei ya mwisho halafu akianza kunipandisha, nitapandia wapi, wewe mwana?"

Nikamwambia hatapandisha. Hakuniamini, na kusema kweli hata mimi sikuwa na uhakika. Lakini bomba lilikuwa limeshapita mlango wake likielekea kwa kinyozi, na wafukiaji walikuwa wanakuja nyuma na makoleo yao. Likishafukiwa lote na lami ikamwagwa juu, mazungumzo yatakuwa ya wajukuu.

Safari hii tulikwenda wawili tu. Bwana Mipango alitupokea vizuri, hana kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomuudhi dada zaidi. Mtu mliyegombana naye anapaswa angalau kukumbuka. Akatupa viti, akatupa zile chupa. Dada alikaa mikono imeshika mkoba. Nilimwona anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena, kama anayeng'olewa jino.

"Theluthi," akasema hatimaye. "Ya pampu na ya bomba nene. Na matoleo ya kuingia madukani tutachimba wenyewe."

Kisha akakaza mgongo, akasubiri kushambuliwa.

"Sawa," Bwana Mipango akasema.

Hakuna kingine. Alivuta karatasi, akaeleza kwamba atalipeleka kwenye kamati na haoni tatizo. Kuna jambo moja tu: bomba jembamba lililokwishalazwa itabidi lifukuliwe, na gharama ya kulifukua haiwezi kuwa ya chuo, kwa kuwa chuo kiliuliza mapema. Aliisema kwa upole uleule. Nilimsikia dada akivuta pumzi, nikajua sasa ndiyo kelele zinaanza. Hazikuanza. Hakuwa na mahali pa kushikia. Yule bwana alikuwa sahihi, na katika maisha yake yote ya biashara dada alikuwa hajazoea kukutana na mtu aliye sahihi na mwenye adabu kwa wakati mmoja.

"Tutafukua sisi," akasema.

"Nawashukuru sana," akasema Bwana Mipango. "Tungefurahi kulijua hili tangu siku ile, mama."

Tukafukua. Kinyozi, aliyezoea kushika mkasi, alitoka malengelenge siku ya kwanza akawa anayaonyesha kwa kila mteja. Mama wa hoteli alilima kama mtu mwenye ugomvi na ardhi. Mwosha magari alichimba nusu siku halafu mgongo ukamuuma kwa siku zote zilizobaki. Mama Pasi alikuwa ndani ya mtaro na buti za mumewe, akichimba na kusimamia, na kila aliyemtania alirushiwa koleo la udongo karibu na miguu. Bomba nene liliingia. Mabomba ya matoleo walinunua kwangu, na dada aliniomba punguzo mpaka nikajutia undugu. Mtaa ulitoa theluthi yake yote, kwa manung'uniko lakini ulitoa.

Sasa maji yanatoka mchana kweupe. Mashine za mabwenini ziliwekwa, zikaharibika, na wanafunzi wanateremka na mafurushi yao kama zamani. Makarai ya dada yanajaa akiwa amesimama kando, mikono mikavu. Ungetegemea amefurahi.

Siku ile tulipotoka ofisini kwa Bwana Mipango alishuka ngazi ameinamisha kichwa mpaka chini. Nilidhani anashukuru Mungu.

"Amekubali haraka sana," akasema.

Nikamwambia ashukuru amekubali.

"Mtu akikubali haraka hivyo, umeibiwa. Angalau angeguna."

Tangu hapo hajapumzika. Nikipita kwake jioni namkuta mbele ya bomba limefunguliwa lote, maji yanapiga karai kwa nguvu mpaka yanamrukia kwenye gauni, naye anayakodolea macho kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu. Hangoji hata salamu yangu.

"Robo," ananiambia. "Ningesema robo, mdogo wangu, yule mtu angesema sawa."