Goretti, Mpiga Piano wa Baa ya Nechells

Asubuhi ile Goretti aligombana na mume wake, Athanase, juu ya sukari.

"Papa Déborah, hii ni chai ama ni asali?"

"Kunywa. Vidole vyako vinataka nguvu."

"Vidole havinywi chai, wewe mzee."

Akainywa yote. Kisha akatia mikono katika beseni la maji moto, maana vifundo vilimuuma siku za baridi, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya piano. Athanase akamkausha vidole kwa taulo, kimoja kimoja, kama alivyozoea. Akamwambia akirudi apitie vitunguu. Ni hayo tu. Hakuna neno kubwa lililosemwa. Mchana Goretti alianguka kwenye kituo cha basi, na vitunguu havikuja.

Nyumba yao ya kupanga ya kaunsili, pale Shard End, Birmingham, ikajaa watu wa kanisa. Walileta viti, walileta wali, walilia vizuri. Athanase hakuwa na ubaya nao. Hasira ilikuja na karatasi.

Kwao maiti haendi kaburini bila historia ya marehemu. Inasomwa mbele ya sanduku: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, alimtumikia Mungu namna gani. Déborah, mtoto wao wa pekee, aliiandika. Pasta Alfayo, Mkenya mwenye kanisa lao la Perry Barr, akaisahihisha. Athanase hakukaa shuleni. Akamwambia binti amsomee.

Déborah akasoma. Alizaliwa Bukavu. Alisoma kwa masista. Aliolewa. Alikimbia vita. Alifika Birmingham. Alipiga kinanda kanisani kwa uaminifu. Amina.

"Endelea."

"That's it, Papa. Imeisha."

"Na hoteli? Na baa ya Raksha?"

"Nilikuwa nimeandika. Pastor ameitoa. Anasema watu watajisikia vibaya."

"Watu gani? Maiti ni mmoja tu hapa, na huyo hajisikii vibaya."

Déborah akalia. Athanase hakumbembeleza.

Maana kilichotolewa ndicho kilichokuwa maisha ya Goretti. Masista walimfundisha kinanda cha kanisa, wakamchapa vidole kwa rula kila alipochangamsha wimbo. Alipokuwa msichana akapata kazi ya kufagia katika hoteli kando ya ziwa. Mwenye hoteli, Mgiriki, alikuwa na piano, na alikuwa na santuri za watu weusi wa Amerika, blues na bugi-wugi. Goretti akawa anafagia sebule ile polepole kuliko sebule zote. Sikio lake likameza kila kitu. Katika bugi-wugi mkono wa kushoto unatwanga sombe, majani ya muhogo, haukosi pigo, na wa kulia unasengenya majirani. Ndivyo alivyomweleza Athanase, na Athanase akaelewa papo hapo.

Mgiriki alipomfuma kwenye piano hakumfukuza. Akamwambia apige kila jioni, lakini nyuma ya pazia, kwa sababu wageni wake wasingependa kuona mfagizi anawapigia. Watu wakapiga makofi mbele ya kitambaa. Athanase alikuwa mpishi wa hoteli ile, na mlango wa jiko ulifungukia upande wa ndani wa pazia. Yeye ndiye aliyemwona. Akaunguza nyama wiki nzima.

Vita vilipofika, askari walipasua piano wakapikia maharage. Goretti alisimama akatazama. Alisema tu kwamba moto ni mkali mno, maharage yataungua.

Huku Birmingham walikaa mwaka mzima bila piano. Alipiga juu ya meza ya jikoni, na Athanase akajua wimbo kwa kusikiliza meza. Kisha Goretti akaiona piano ndani ya baa moja ya Nechells. Mwenye baa, Raksha, mama wa Kihindi, aliuza bia mbele na kupika kuku nyuma. Piano ilikuwa na meno yaliyokufa, vibonye visivyotoa sauti. Goretti akajifunza kuyaruka. Mara ya kwanza Mzungu mmoja mwenye gitaa akamuuliza amejifunza wapi muziki wao. Wao! Athanase alitaka kumrushia glasi. Goretti akamwomba Mzungu asogeze kiti, kinamzuia kukanyaga pedali. Tangu hapo Jumamosi zilikuwa zake. Na hakuna pazia.

Na sasa pasta analeta pazia lake.

Pasta Alfayo alikuja jioni ile ile. Akakaa, akashika Biblia.

"Mzee wangu, pole. Tunamsitiri tu dada yetu. Baa ni baa."

"Ule mchuzi wa kuku uliorudia jana, ulikuwa mtamu?"

"Mtamu sana. Mungu awabariki akina mama."

"Ni Raksha aliyeuleta. Umetoka jiko la baa."

Pasta akatazama zulia. "Chakula ni chakula, mzee."

"Na piano ni piano."

"Karatasi imeshachapwa, mzee wangu. Tusibishane mbele ya msiba."

Siku ya maziko ukumbi wa Perry Barr ulijaa. Raksha na watu wake wa baa waliwekwa viti vya mlangoni, penye upepo. Athanase aliliona hilo pia, akalimeza. Pasta akasimama karibu na sanduku, akaanza kusoma. Alizaliwa Bukavu. Alisoma kwa masista. Alipofika kwenye uaminifu, Athanase akasimama.

"Hiyo ni historia ya nani?"

"Mzee, keti kidogo. Wakati wa familia utakuja."

"Familia ni mimi. Mke ni wangu. Wewe umesoma karatasi, mimi sijui karatasi. Nitasema."

Déborah akamvuta koti. "Papa, please." Hakukaa.

"Huyu mwanamke alipiga blues na bugi-wugi kabla pasta huyu hajazaliwa. Alipiga hotelini, akafichwa. Alipiga baa, na wenye baa ni wale kule mlangoni mliowaweka kwenye baridi. Mnataka kumzika nusu. Nusu nyingine niipeleke wapi?"

Mtoto akalia, akatolewa nje.

"Lile pambio la sadaka. Lile mnalochezea mpaka mbele, mpaka viatu vinawavuka. Mnajua mkono ule wa kushoto ulitoka wapi? Ulitoka baa. Jumamosi kwa Raksha, Jumapili kwenu, mkono ule ule. Hakubadilisha pigo hata moja. Nyinyi mkasema Roho ameshuka. Basi kama alishuka, alishuka kwenye basi linalotoka Nechells!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bibi mmoja wa Bukavu akasema kwa sauti, "Ndiyo ile! Nilikuwa najiuliza, mbona kiuno changu kinaijua." Nyuma watu wa baa hawakuelewa Kiswahili, lakini Raksha alisikia jina lake na la Nechells, akasimama wima.

Pasta alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Mzee Athanase, kama ni hivyo, mbona dada hakutuambia?"

Athanase akanyoosha kidole upande wa kwaya.

"Aliwaambia. Mama Edah yule pale, kiongozi wenu wa kwaya, alimuuliza mlangoni pa kanisa, na wewe pasta ulikuwepo. Alimuuliza ataacha lini kupiga baa. Mke wangu akajibu. Nyinyi mkacheka, mkafikiri ni mzaha wa mama mzee. Hakuwa anacheka."

Mama Edah aliinamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Alijibu."

"Basi wasomee, Mama Edah. Hii haiko kwenye karatasi."

Mama Edah akasimama, akafuta macho, akageukia watu. Akasema Goretti alikuwa anavaa glavu zake, hakuinua hata uso, akamjibu:

"Nitaacha siku nyinyi mtaacha kucheza."