Mtumbwi Ulioteremka Mlimani

Ndizi zilikuwa zimekwisha kufukiwa shimoni, zimeanza kunukia, na mtumbwi wa kuzikamulia ulikuwa bado juu ya mlima, pale pale mti ulipoangushwa na kuchongwa. Si mtumbwi wa majini huo. Ni gogo lililokombwa katikati, ambamo wanaume huingia na kukanyaga ndizi mbivu mpaka zitoe maji ya kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakwe zangu watarajiwa walikwisha kutaja siku ya kuja kunywa. Ndizi zikipitiliza, hakuna rubisi, na bila rubisi binti angepewa mwingine aliyekuwa tayari anapiga hodi. Nami nilimpenda binti yule, jamani, hata usingizi ulinipaa!

Mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Kuubeba mtumbwi kwenye matope yale kulikuwa kuutafutia ufa.

"Tuuache uteremke wenyewe," alisema kaka yangu. "Kazi ya kubeba tuuachie mlima."

Njia ya ng'ombe ilishuka kutoka kileleni, imechimbika kama mfereji, ikaingia bondeni, kisha ikapanda mwinuko mdogo. Kwetu kulikuwa juu ya mwinuko huo. Tulipasua migomba, tukaitandaza njia nzima, utelezi wake ukitazama juu. Kisha tukajaribu kwa gogo la mgomba. Tuliliachia katikati ya mteremko: likashuka mbio, likapanda mwinuko nusu, likachoka, likarudi kinyumenyume, likapanda kidogo upande wa mlima, likarudi tena, mwisho likalala bondeni. Tukaliachia mahali palipolingana na mwinuko kwa kimo. Likaishia chini kidogo ya ukingo, kwa kuwa njia nayo hula mbio. Hapo tukaelewa: anayetaka kupanda huku sharti aanzie juu zaidi kule.

"Basi kileleni!" nilipiga kelele.

"Kileleni ni juu mno, mdogo wangu."

Sikumsikiliza; nilipanda hadi kwenye mtumbwi, nikaingia. Lile gogo la mgomba lilikuwa limegeuka ubavu lilipofika bondeni, kwa hiyo ilibidi mtu akae nyuma aushikilie mtumbwi unyooke, na rubisi ilikuwa yangu. Kaka na vijana wenzetu wakausukuma.

Mwanzo ulijivuta tu, nikaona aibu. Halafu nchi ikanikimbia! Upepo ulinijaza mdomo, machozi yakaenda masikioni, tumbo likabaki kule juu na kaka. Bondeni nilikandamizwa chini, kidevu kikagonga magoti, kana kwamba mtu mnene amenikalia mabegani. Kisha tukapanda. Nilisikia mbio zikipungua, nikajiandaa kuruka tufikapo nyumbani. Lakini mtumbwi wa mti mbichi ni mzito kuliko mgomba, na tulikuwa tumeanzia juu mno. Ulifika ukingoni ukiwa bado na hasira. Makalio yangu yaliachana na mti, nikaelea hewani, mwepesi kama unyoya, nikacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Nyumba yetu ikapita. Tukashuka upande wa pili, tukavunja ua, tukasimama katikati ya shamba la watu.

Mbele yangu alisimama mama wa binti, jembe mkononi.

Kwetu mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani. Hiyo ni heshima, na kuivunja kabla ya harusi ni kuharibu kila kitu. Nilijitupa kifudifudi ndani ya mtumbwi, nikajifunika majani ya mgomba. Yeye naye alijifunika uso kwa nguo yake. Nilijua nimekwisha.

Kisha akamgeukia mbuzi aliyefungwa shinani mwa mgomba.

"Wewe mbuzi," alisema, "mwambie huyo aliyelala humo awaite wenzake wauchukue, wakakanyage ndizi upesi. Mwambie mwanangu tangu jana hali chakula. Kazi yake ni kuuliza kama mtumbwi umeshuka."