Wilikapu ya Pijo ya Baba

Juzi nilipata pancha karibu na Mukumu. Fundi wa kando ya barabara alibandua wilikapu, kile kisahani kinachofunika nati za gurudumu, akanipa nimshikie. Ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama sahani ya kuchezea watoto, imefungwa kwa waya isidondoke. Nikaishika kwa mikono miwili, na papo hapo nikawa tena binti mdogo kule Mayoni, namtazama Mama akiwa amechuchumaa kando ya gari. Fundi aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni jua.

Wewe uliyekulia upande wetu, miaka ile miwa ilipokuwa imeshika, utakumbuka. Matrekta yalinguruma kutwa yakivuta matrela ya miwa, nasi tukiyakimbilia kwa nyuma tuchomoe vijiti vya kutafuna. Upepo ukitoka upande wa kiwandani ulileta harufu nzito ya molasi, hadi ndani ya obusuma, ugali wetu, ukaisikia. Jivu la mashamba yaliyochomwa lilitua kwenye nguo tulizoanika, na Mama alizikung'uta akicheka, akisema hilo ni jivu la karo yetu ya shule.

Miwa ya kwetu ilikuwa mikononi mwa Mama. Yeye ndiye aliyepanda, akapalilia, akagombana na wakataji waliokuja wamechelewa. Baba alikuwa kwenye kamati ya wakulima, kwa hivyo kazi yake ilikuwa mikutano kule Mumias. Mavuno mazuri yalipokuja, alinunua gari, Pijo ya rangi ya maziwa. Majirani walikuja kuiona kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Kila Jumamosi Mama alizisugua wilikapu zake kwa jivu na limau, mpaka ungeweza kujitazama meno ndani yake.

Jumapili moja, likizo ya Agosti, Baba alirudi kutoka Mumias, alikolala siku mbili kwa sababu, alisema, mkutano ulichelewa. Gurudumu moja la nyuma halikuwa na wilikapu, nati zote zikionekana.

"Imeanguka njiani," Baba alisema. "Hii barabara ya matrekta imenilia wilikapu yangu."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Jumamosi iliyofuata gari hilo lingembeba binti wa shangazi yetu kwenda kanisani kuolewa. Watu wangesema nini wakiona gari la bibi arusi lina pengo? Siku nzima hakula vizuri. Mama alimwekea ingokho, kuku wa kienyeji wa mchuzi, akamega kidogo tu akasukuma sahani.

"Itapatikana," Mama alimwambia. "Nitaitafuta mimi mwenyewe."

Kesho yake tukatoka, mimi na yeye, baada ya chai. Tulifuata barabara ya Mumias, yeye upande huu, mimi upande ule, tukipekua nyasi na mitaro. Tuliuliza wakataji miwa, tukauliza watoto wachungaji. Mama alikuwa na furaha siku hiyo, sijui kwa nini, labda kwa kuwa angalau mara hii hakuwa na jembe. Alinisimulia jinsi Baba alivyokuja kumposa na baiskeli ya kuazima, mnyororo ukamkatikia mbele ya wakwe.

Jua lilikuwa limepanda tulipofika penye kinu cha kusaga mahindi, Mumias ikiwa bado mbele. Mama mmoja alikuwa akichoma mahindi hapo. Mama yangu akamweleza tunachotafuta.

"Ya Pijo nyeupenyeupe?" yule mama akauliza. "Si hiyo gari inalalanga hapa nyuma ya kinu? Nendeni hapo kwa ile nyumba ya mabati mapya. Niliona hicho kisahani kwa uwanja."

Mama alimwambia anachanganya magari. Hata hivyo tukaenda.

Nyumba ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na madirisha ya vioo. Yetu bado ilikuwa na mbao. Uwanja umefagiwa, vifaranga wakidonoa mtama ndani ya wilikapu ya Baba. Mama aliinama, akamwaga mtama polepole, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa inang'aa. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na kitu kilichoanguka kutoka kwenye gari linalokimbia hakiwezi kubaki hivyo. Hata mimi, kwa udogo wangu, nililiona hilo.

Msichana akatoka ndani, mtoto kiunoni. Nasema msichana kwa sababu hakumzidi sana dada yangu mkubwa.

"Mulembe, mama," alisalimu.

"Mulembe."

"Hiyo ni ya baba ya huyu. Alipata pancha hapa juzi, akabadilisha gurudumu, akaisahau. Amekutuma?"

Mama aliipangusa wilikapu kwa leso yake. Msichana akamtazama vizuri, na uso wake ukachanua.

"Kumbe ni wewe! Wewe ndiye dada yake, yule anamlimianga miwa? Anakusifu sana. Karibu ndani, karibu."

Nilimtazama Mama. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mimi, lakini mkono wake ulishuka begani kwangu, ukakaza.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye ninalima miwa."

Tulikunywa chai katika nyumba ile. Ilikuwa na maziwa mengi, na mkate uliopakwa siagi, kitu ambacho kwetu tulikiona Krismasi. Mtoto alikuwa na masikio ya Baba. Mama alimpakata, akamfuta kamasi kwa pembe ya leso yake, akashukuru, tukaondoka. Njia nzima alitangulia, mimi nikimfuata nyuma. Wilikapu alikuwa ameifunga ndani ya leso, kifuani, kama watu wanavyobeba mtoto mgonjwa kumpeleka hospitali.

Tulipofika, Baba alikuwa uwanjani na shangazi na mchungaji, wakipanga mambo ya arusi. Mama aliwaamkua kwa heshima. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari, akachuchumaa, akaweka wilikapu mahali pake, akaigonga kwa kiganja ukingoni, akizunguka, mpaka ikaingia kwa mlio mmoja mkavu.

"Asante Mungu!" shangazi akapiga makofi. "Ilikuwa wapi?"

"Ilipoachwa," Mama alisema, akimtazama Baba. "Vifaranga hawakuiharibu."

Baba alishusha macho. Mchungaji aliendelea kuongea juu ya maua, peke yake.

Jumamosi gari lilipambwa kwa karatasi za rangi, bibi arusi akapanda, watu wakapiga vigelegele. Mama alikwenda kwa miguu pamoja na wapishi.

Hakukuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo. Baba alianza kulala kule waziwazi, kisha akahamia kabisa, na Mama akaendelea kupalilia. Miaka ikapita, kiwanda kikaanza kusuasua, miwa ikakauka mashambani bila wa kuikata. Pijo iliuzwa vipande vipande. Mwishowe Baba alirudi kwetu, mwili umemwishia, na Mama akamwogesha na kumlisha hadi siku yake.

Wenzangu tukikutana husema enzi ile ilikuwa nzuri. Nami hutikisa kichwa. Matrekta hayapo, molasi hainuki tena, na pale palipokuwa na miwa leo ni mahindi ya watu tuliowauzia. Hayo yote nimeyazoea. Ila kuna jina ambalo Mama alikuwa akimwita Baba, la utani, la tangu siku za uchumba, ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulitumia. Alikuwa akilitamka jikoni, akimwita aje ale, nasi watoto tukicheka chinichini. Tangu Jumatatu ile sikulisikia tena. Siku tulipomzika Baba, Mama alipopewa nafasi ya kusema, nilisogea karibu, nikatega sikio.

Alimwita marehemu, kama walivyomwita wengine wote.