Nani Aliyepandisha Bei ya Alizeti?

Stara binti Hasani, mkamuaji mafuta wa Kizota, alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Mwaka huo alizeti ilikubali kila shamba, lakini gunia la elfu sitini likafika elfu sabini na mbili ndani ya siku nane. Wenzake walidai kuna kiwanda kipya. Stara akakitafuta kiwanda, hakikuwapo.

Akapanda basi hadi Gulwe, akawauliza wakulima nani anawamalizia mzigo.

"Bwana Jatin wa Chang'ombe. Anabeba yote, wala habishani bei."

Stara aliduwaa. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alimlipa Jatin elfu mbili kwa kila gunia, magunia kumi, apate haki ya kuyanunua kwa elfu sitini na tano hadi mwezi huu uishe. Bei ingeshuka, angeiacha haki hiyo, na elfu mbili zake zingebaki kwa Jatin.

Akamfuata dukani.

"Bwana Jatin, umeuza haki za magunia mangapi?"

"Mia nne."

"Na ghalani ulikuwa nayo mangapi?"

Jatin akakuna kidevu. "Arobaini. Nilidhani bei haitafika sitini na tano, wengi wataziacha haki zao. Wanunuzi wa Singida walipokuja, bei ikagusa sitini na tatu. Nikaogopa kuumbuka, nikaanza kununua."

"Ukinunua, bei inapanda."

"Inapanda, nami nazidi kuogopa, nazidi kununua."

"Kumbe karatasi zetu za haki ndizo zilizotupandishia!"

"Si zenyewe tu, dada. Lakini zimesukuma."

Stara akafikiri. "Umebakiza mangapi ya kununua?"

"Sitini."

"Ukishayapata, nani mwingine atanunua kwa sabini na mbili?"

"Hakuna," Jatin akakiri. Stara alikuwa na magunia hamsini aliyoyanunua mapema. Akamuuzia yote kwa elfu sabini, na zile haki zake kumi Jatin akazinunua tena kwa elfu tano kila moja.

Jatin hakurudi sokoni. Kufikia Ijumaa gunia lilikuwa elfu sitini na moja. Stara akanunua upya, mashine zikaunguruma.

Jatin alipata hasara, ila hakumkimbia mtu. Msimu uliofuata aliuza haki za magunia aliyokuwa nayo tu. Stara alikwenda kuyahesabu mwenyewe.