Wekundu Uliopotea Mwakirunge

Niliondoka Likoni kwa sababu ya doa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na ofisi yetu ya maji ililinganisha picha za setilaiti, za zamani na za sasa, ili kujua hali ya mabonde yanayotuletea maji. Katika picha ya zamani, juu ya chemchemi moja ya Mwakirunge, palikuwa na doa jekundu lililokolea. Katika picha mpya pale pale palikuwa peupe.

Usishtuke, msomaji: hapo wekundu ni habari njema. Majani mabichi hurudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni, lakini setilaiti huuona. Wachapaji huupa rangi nyekundu ili nasi tuuone. Penye wekundu pana miti hai; weupe ule ni udongo mtupu. Nilitumwa nikajue miti imepatwa na nini.

Asubuhi nilivuka kwa feri, nikapita Daraja la Nyali na maduka ya Kisauni. Huko juu gari la ofisi likaniacha mahali ambapo barabara ilikuwa imeliwa na korongo. Nikapanda kwa miguu, picha zote mbili kwapani.

Adhuhuri nilifika kwenye chemchemi. Juu yake mteremko mzima ulikuwa visiki. Mama Dama, mjane mwenye boma la karibu, alikuwa ameinama akikinga matone ya maji kwa kata ya kifuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji nitakupa, ila ungoje kata ijae."

Jirani yake Karisa, aliyekuwa akisubiri zamu, akacheka. "Atangoja mpaka ndevu zimfike kitovuni!"

Nilizikunjua picha nikauliza ni nani aliyekata miti.

"Mume wangu," alisema Mama Dama. "Kwa mkono wake."

Akanieleza. Miaka ya nyuma afisa mmoja wa ofisi yetu alikuja akatundika picha kama ile ya zamani kwenye baraza la chifu, akaenda zake bila kusema neno.

"Tukaona kwetu pamepigwa rangi nyekundu. Wewe mtu wa Likoni, nyumba ikipigwa alama nyekundu, hujui maana yake?"

Nilijua. Maana yake tingatinga liko njiani kuibomoa. Na watu wa pale, kama wengi wetu huku Mombasa nje ya kisiwa, hawakuwa na hati ya ardhi.

"Mzee akasema, watatufukuza, na miti wauze wao. Heri tule makaa yake sisi. Ile mivule aliachiwa na babake. Alikata huku analia. Tukafunga mizigo, tukangoja. Hakuja mtu. Mzee akafa, na maji nayo yakaanza kupotea."

Nikawaeleza polepole, kama nilivyokueleza wewe, maana ya wekundu. Karisa aliacha kutabasamu. Mama Dama aliinama juu ya picha.

"Kwani ofisini kwenu," akauliza bila hasira, "rangi ya kijani ilikuwa imeisha?"

Nilichoweza ni kumwonyesha visiki vilivyoanza kuchipua, na pale pa kupanda kwanza, juu kabisa ya chemchemi, ili mizizi ishike maji ya mvua.

"Mpaka wekundu urudi ni miaka mingapi?"

"Mingi, mama. Lakini hurudi."

"Basi atauona mwanangu Dama."

Alasiri, nilipoaga, alishika picha ya zamani. "Hiyo nyeupe nenda nayo. Hii niachie. Mzee hakuwahi kupigwa picha. Kama si hii yenye miti yake, nina nini?"

Jioni nilivuka kurudi Likoni na picha moja. Tangu siku hiyo situndiki picha mahali popote kabla sijawauliza watu: hapa mnaona nini? Kisha hunyamaza, nisikie.

Kesho yake ofisini mkubwa wangu aliuliza picha ya pili iko wapi. Nikamwambia iko kwa mwenyewe.