Mtoto Mwenye Majina Thelathini na Moja

"Mtoto yupo, Mwalimu. Namwona hapo dirishani, anakung'uta dasta."

"Mfumo unasema hayupo."

"Basi uambie mfumo uinue shingo utazame nje."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Tangu mfumo uingie shuleni, wiki tatu sasa, alikuwa hajacheka hata kwa bahati mbaya. Alikaa mbele ya kompyuta ya ofisi kama bwana harusi aliyekaa mbele ya mkwewe, mgongo wima, mikono mapajani, hajui lini ataruhusiwa kula. Nyuma yake alisimama karani wa shule, ambaye kila mtu alimwita Bi Wino, kalamu imechomekwa kwenye kilemba na kidole cha shahada cheusi kwa wino wa miaka.

"Orodha ya mtihani inafungwa saa kumi," Bi Wino alisema. "Sasa hivi ni saa nane. Sindano asipokuwemo, mtihani wa kumaliza shule hafanyi. Atakaa nyumbani mwaka mzima, amshikie bibi yake ufagio. Na wewe na mimi tutapishana naye hapo mlangoni kila asubuhi. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mfumo..."

"Mfumo, mfumo. Siku hizi hata mvua isiponyesha ni mfumo umegoma."

Sindano alikuwa binti wa darasa la mwisho, mjukuu wa mfagiaji wa shule. Jina lilimpata kwa wembamba, likakaa kwa ukali wa akili. Alimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni, na wako wanaoapa kwamba siku moja alimaliza hesabu ya kesho yake. Watahiniwa wote walikuwa kumi na wanane. Mfumo nao ulihesabu kumi na wanane, haukupunja. Ila wa kumi na nane hakuwa Sindano.

"Soma tena," Bi Wino alisema.

Mwalimu Mkuu akasoma. Lilikuwa jina la kitoto cha darasa la kwanza, miaka sita, meno ya mbele hana, ambacho juzi kililia uwanjani kwa sababu kivuli chake kilikataa kurudi nyumbani.

"Labda ana kipaji," Mwalimu Mkuu alisema kwa sauti ndogo.

Bi Wino aliingia shule ile miaka ishirini na tisa nyuma, akiwa ameitwa kufua mapazia ya ofisi. Karani wa wakati huo alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga masizi. Siku hiyo alikuwa ameandika jina la mkaguzi vibaya mpaka mkaguzi mwenyewe akaapa kwamba si yeye. Bi Wino akaja na povu lake mikononi, akachukua kalamu, akaandika upya. Tangu hapo hakurudishwa kwenye beseni, na mapazia yale mpaka leo hayajamaliziwa kufuliwa.

Kazi yake yote ilikuwa ndani ya daftari moja kuu, jalada jeusi, nene kama mto wa kulalia. Lilikuwa zito hivi kwamba lilipomponyoka mara moja tu, miaka kumi na tatu iliyopita, saa ya ukutani ilishtuka ikasimama kwenye saa nne na robo, na haijathubutu kutembea tena. Humo ndani kila mtoto alikuwa na mstari wake, na pembeni, kwa penseli, maneno ambayo hakuna aliyemtuma kuyaandika. Huyu ana pumu, asikimbizwe. Huyu akisema tumbo linauma, muulize nani kampiga nyumbani. Huyu ni mwongo lakini ana huruma.

Halafu ikaja habari ya kuingia kwenye kompyuta. Wauza mifumo watatu walikaribishwa mbele ya kamati ya shule. Wa kwanza alisema kazi itachukua miezi mitatu, majina yaingizwe moja moja, na makosa yatakuwepo. Kamati ikamshukuru kwa ukweli wake na kumwonyesha mlango. Wa pili alimuuliza Bi Wino maswali mengi: unaandikaje hiki, ukikosa kile unafanyaje? Kamati ikanong'onezana kwamba fundi anayemuuliza karani hajui kazi yake. Wa tatu hakuuliza mtu kitu. Alizima taa, akarusha ukutani maduara ya rangi, mekundu, ya bluu, ya manjano, yakawa yanazunguka yenyewe. Mjumbe mmoja wa kamati alisema hajaona kitu kizuri hivyo tangu aoe. Huyo ndiye aliyechukuliwa.

Mfumo wake ulikuwa wa shule kubwa. Ulikuwa na kitufe cha mabweni, kitufe cha mabasi na kitufe cha bwawa la kuogelea. Shule yenyewe ilikuwa na watoto mia na kumi na wanane, mfereji mmoja, na toroli lisilo na gurudumu. Kila asubuhi mfumo ulimuuliza Mwalimu Mkuu kina cha maji, naye kila asubuhi, kwa uaminifu, alijaza sifuri.

Vijana wa muuzaji walinakili daftari zima kwa asubuhi moja, wakanywa chupa tatu za chai, wakaondoka. Maneno ya penseli waliyaacha, kwa sababu kwenye mfumo hayakuwa na kisanduku. Mwalimu Mkuu akawatangazia wazazi kwamba zama za daftari zimekwisha. Kisha, kwa kuwa kioo cha kompyuta kilikuwa chini na shingo ilikuwa inamuuma, alilichukua daftari akaliweka chini ya kioo ili kiinuke. Ndivyo mfumo mpya ulivyokuja kukaa juu ya daftari la zamani, na kila aliyeingia ofisini aliliona jambo hilo isipokuwa aliyelifanya.

"Mpigie tena muuzaji wako," Bi Wino alisema.

"Nimempigia mara sita. Yuko kwenye mafunzo."

"Anafunza au anafunzwa?"

Mwalimu Mkuu alijipangusa jasho. "Jana alipokea. Alisema mfumo haukosei. Unamtambua mtoto kwa vitu viwili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi. Vikifanana vyote, huyo ni mtoto mmoja, ameandikwa mara mbili, unamuunganisha. Unabaki na jina la mwisho kuingizwa."

Bi Wino aligeukia dirisha, upande wa geti. Asubuhi ile fundi viatu, yule mwenye kibanda mbele ya geti, alikuwa amemsimamisha akiwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyelala kwenye kiti. Wiki tatu sasa simu yake ilikuwa haitulii. Mzazi mpendwa, mwanao amechelewa. Mzazi mpendwa, mwanao amefaulu. Mzazi mpendwa, mwanao yuko darasa la pili, la nne na la sita. "Dada," fundi viatu alimwambia, "mimi nina mtoto mmoja, na yeye anasoma shule nyingine. Mke wangu amezisoma zote. Ana maswali." Bi Wino alimwambia avumilie, ni mitandao. Lakini moyoni kitu kilianguka, na safari hii haikuwa daftari.

"Mwalimu," alisema sasa, "nikikwambia jambo, utanisikiliza mpaka mwisho?"

"Muda wenyewe uko wapi?"

"Ndiyo maana nitasema kwa kifupi. Wazazi wengine hawana simu. Nikiwa na haja nao, nampigia fundi viatu, naye anawaita wakipita, maana njia ni moja. Basi pale penye namba ya mzazi, nilikuwa naandika ya fundi viatu."

Mwalimu Mkuu aligeuza kiti. "Kwa watoto wangapi?"

"Wengi kiasi. Na wengine waliletwa hawana cheti, mama hakumbuki tarehe, bibi hakumbuki hata mwaka. Sasa ningewaacha wazi? Niliwapa siku moja nzuri, isiyosahaulika. Mosi Januari."

"Wote?"

"Waliokosa vyote viwili, simu na tarehe, nimewahesabu leo kichwani. Thelathini na mmoja. Na wa darasa la mwisho ni Sindano peke yake."

Kwa hiyo shule ilikuwa na mtoto mmoja mwenye majina thelathini na moja, aliyekaa madarasa saba kwa wakati mmoja, na baba yake alikuwa anashona soli hapo nje.

"Miaka ishirini na tisa," Mwalimu Mkuu alisema, "na hakuna aliyejua."

"Hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza mlimnyima kazi."

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Tutamfungulia Sindano upya. Tarehe nyingine, namba nyingine. Lakini mfumo utataka neno la siri."

"Si unalo?"

"Muuzaji alisema nichague ambalo mtu hawezi kulikisia. Nikachagua. Sasa na mimi ni mtu." Aliangalia kioo, akaangalia kilichokuwa chini ya kioo. "Nililiandika mahali ambapo hapapotei kitu. Ukurasa wa mwisho wa daftari."

Walikishika kioo huku na huku, kilichobandikwa karatasi ya muuzaji USIKIGUSE, wakakiinua polepole kama wanaomnyanyua mgonjwa. Bi Wino akalivuta daftari kwa goti. Neno la siri lilikuwepo, herufi ishirini na mbili, mwandiko wa mtu aliyeogopa kusikika.

"Tarehe," Mwalimu Mkuu alisema, vidole tayari. "Ya kweli safari hii."

Bi Wino alifungua daftari katikati, palipokuwa na doa la wino, pana kama kiganja. "Hii hapa. Siku lilipoanguka. Mfagiaji aliingia akaniambia binti yake ameshikwa na uchungu, mikono yangu ikalegea. Mtoto ndiye Sindano."

"Uliijua, na bado ukamwandikia mosi Januari?"

"Mkono ulishazoea, Mwalimu. Alipoletwa kuandikishwa kulikuwa na foleni mpaka nje. Hilo ni kosa langu, simtwishi mtu mwingine. Namba weka yangu mimi."

"Watakutumia ujumbe."

"Wautume. Mimi watoto wangu ni wakubwa, hawaniandikii."

Mwalimu Mkuu alikiondoa kwanza kile kitoto cha darasa la kwanza kwenye orodha, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, kama lile lililomkumbusha mjumbe harusi yake. Kisha orodha ikatokea, watahiniwa kumi na wanane, na wa mwisho Sindano. Ilikuwa saa tisa kasoro tano. Orodha ikaondoka kwenda wilayani, na nje dirishani mwenyewe akaendelea kukung'uta dasta, hajui kwamba alikuwa amepotea, hajui kwamba amepatikana.

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi, akaegemea. Mkono wake ukaanza kufungua kurasa za daftari, za mwanzo mwanzo, kwa uvivu wa mtu aliyetua mzigo. Maana naye alisoma shule ileile. Ni Bi Wino aliyempokea, analia, kiatu kimoja. Na kila mwaka ukianza alisimama mbele ya watoto akawaambia kwamba yeye na mwaka walizaliwa siku moja, kwa sababu kiongozi hutangulia, na walimu wakapiga makofi, na keki ikakatwa.

Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja. Hakikuondoka.

"Bi Wino."

"Naam."

"Siku mama aliponileta hapa. Tarehe yangu, aliitaja yeye, au..."

Bi Wino aliangalia saa ya ukutani, ambayo haikumsaidia. Akachomoa kalamu kwenye kilemba, akairudisha. Akafungua mdomo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa mke wa fundi viatu, khanga ya pili amejifunga kiunoni, simu ya mumewe ameinua juu ili kila mtu aisome.

"Samahani, jamani," alisema, akimtazama Bi Wino kuanzia kilemba hadi miguuni. "Nimekuja kumwona mama yao."